Mnono Alivyoingia Nyumbani kwa Dobi

Katika ukumbi wa kukatia samaki, mfanyakazi mpya haitwi jina lake. Aje na vyeti, aje na sifa, aje na umri wa kumzaa msimamizi, ataitwa Mgeni mpaka siku atakayolowa. Kulowa ni neno la mle ukumbini, na maana yake ni bora ijulikane mapema, kwa sababu kisa hiki hakihitaji mtu mwingine wa kufichwa jambo. Waliofichana ndani yake wanatosha.

Kuna samaki anayekuja na meli za jodari bila kualikwa. Wakataji humwita Mnono. Mchana hukaa chini kabisa, kwenye vilindi ambako jua ni uvumi tu, akielea karibu na miteremko ya sakafu ya bahari, peke yake au na mwenzake mmoja, maana si samaki wa makundi. Giza likiingia huku juu, ngisi na samaki wadogo hupanda kutafuta riziki, naye hupanda nyuma yao taratibu, akiongozwa na macho makubwa ya kijani ambayo hayapotezi hata chembe ya mwanga. Huko njiani ndiko hukutana na chambo alichowekewa jodari. Ngozi yake ni ya kahawia iliyokolea hadi kukaribia weusi, na magamba yake yana miiba inayochana glavu pamoja na kidole kilichomo ndani ya glavu. Ukishamchuna, unakuta nyama nyeupe pe, laini, inayong'aa utadhani imepakwa siagi.

Balaa liko kwenye huo mng'ao. Vingi anavyokula kilindini vina nta ndani yake, na Mnono hawezi kuisaga, basi huiweka akiba mwilini mwaka baada ya mwaka, hadi nyama yake yote inakolea mafuta. Yeye inamfaa. Nta ni nyepesi kuliko maji, humshikilia asizame, akaelea bila kutoa jasho. Mwanadamu haimfai. Tumbo letu nalo haliwezi kuisaga, kwa hiyo nta inaingia, inashuka, na inatoka ilivyoingia, mafuta ya rangi ya chungwa, tena haibishi hodi. Hakuna msokoto wa tumbo wala dalili. Mtu amekaa kwenye kiti anazungumza na wenzake, akiinuka, kiti kinamsema. Haiui. Kipande cha ukubwa wa kibiriti huenda kisikufanye lolote, lakini ukila sahani nzima, utalowa.

Basi wakataji, watu wanaosimama kutwa nzima juu ya barafu iliyoyeyuka, walijitungia mchezo. Wanunuzi hawamtaki Mnono, kwa hiyo hubaki. Mgeni akimaliza juma lake la kwanza, humkatia pande la maana, humfungia kwenye nailoni, na humpa kwa maneno matamu: chukua, ukale na roho yako, sisi tumeshamzoea. Mgeni huenda kwake akala akashiba. Kesho yake au keshokutwa hurudi kazini amejifunga nguo mbili juu ya suruali, hamtazami mtu machoni, na ukumbi mzima huweka visu chini ili ucheke vizuri. Tangu hapo huitwa kwa jina lake. Alilowa msimamizi, alilowa mpima uzito, walilowa wote, na hakuna aliyewahi kufa. Hilo la kutokufa walilirudia sana, kila walipoulizwa kama mchezo wenyewe ni wa haki.

Aliyekuwa akilikata hilo pande na kulikabidhi ni Kamanda, mkataji mkongwe kuliko wote, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuita meli. Mchezo hakuuanzisha yeye, aliukuta, ila ndiye aliyeunogesha.

Mgeni wa safari hii alikuwa mtu mzima, mwanamke wa makamo aliyewahi kuolewa akarudi kwao, binti wa Dobi. Na Dobi huyo ni lazima azungumziwe kwanza.

Dobi alifua mashuka ya hoteli kubwa tangu ujana wake hadi nywele zikawa nyeupe kuliko mashuka. Alianza na sufuria la kuchemshia na pasi ya mkaa, ikaja pasi ya umeme, na hakuunguza shuka hata moja. Alijua kutoa damu, wino, kutu, mvinyo, dawa ya vidonda. Alijua pia nani amelala na nani katika hoteli ile, nani anaumwa na hajasema, bwana gani mwenye suti hujikojolea akilewa, na siri hizo zote zilikaa kifuani mwake zikafia humo. Akiulizwa, alijibu kwamba aibu ya maiti aijuaye mwosha, kisha akaendelea na pasi. Mwenyewe alivaa shati lililonyooshwa hata siku ya kwenda kutupa taka. Mkewe alimtania kuwa siku ya kufa atainuka kwanza akunje shuka. Mkewe alitangulia, na Dobi akamlea binti yao chini ya kamba za kuanikia. Baba na binti walifanya kazi bega kwa bega mpaka hoteli ilipoleta mashine zenye ukubwa wa chumba na kuwaaga kwa asante.

Baada ya hapo kifua cha Dobi kikaanza. Alikohoa kwanza kama mtu aliyepaliwa, halafu kama mtu anayechimba kitu. Daktari wa zahanati alimpa dawa za muda mrefu na kumvuta binti pembeni.

"Dada, dawa hizi ni kali. Zinataka mtu aliyeshiba. Asipokula, atakosa nguvu ya kupigana, na kifua kitamshinda. Kazi yako ni moja tu, kumlisha."

Kazi hiyo moja ilikuwa ngumu kuliko kazi zote. Dobi hakuwa na hamu. Alikizungusha chakula kwenye sahani, akala vijiko viwili vya heshima, akasukuma. Binti akipakua sahani mbili, baba alisukuma yake kuelekea kwa binti, kwa kuwa alimwona amekonda. Ndipo binti akaanza kusema uongo wa kila siku, kwamba ameshakula kazini, ameshakula jikoni, ameshakula kuliko yeye. Ulikuwa uongo wa mapenzi, na nyumba nyingi zinaishi kwa uongo wa namna hiyo bila kudhurika.

Jioni aliyoleta pande la kwanza la Mnono, hakutia mafuta kwenye kikaango, maana samaki alijikaanga kwa mafuta yake mwenyewe. Harufu ilijaa vyumba vyote viwili. Dobi akainua kichwa.

"Unapika nini, mama?"

"Samaki, baba. Wamenipa kazini."

Alimega akala. Akamega tena. Akala sahani yake yote, akafuta mafuta kwa kipande cha mkate, halafu akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu augue: akauliza kama kuna kingine. Binti alikuwa ameonja kipande kidogo cha kujua chumvi. Sehemu yake ilikuwa bado kwenye kikaango.

"Na wewe je?" Dobi aliuliza.

"Mimi nimekula jikoni nikipika. Nimekula kingi kuliko wewe."

Akampakulia sehemu yake. Alikaa akamtazama baba yake akitafuna hadi sahani ikawa tupu.

Siku ya pili yake ukumbini, watu walimsubiri kwa hamu. Aliingia mkavu, akafunga aproni, akanoa kisu.

"Mgeni," Kamanda alisema, "ulimla yule samaki?"

"Tulimla, dada. Sijapata kuonja samaki mtamu vile."

"Mkammaliza?"

"Hatukubakiza kitu."

Kamanda akamtazama kiunoni, akamzunguka akamtazama nyuma, akarudi mezani pake amekunja uso. Jirani yake akanong'ona kwamba huyu ana tumbo la bati. Kamanda hakupenda kushindwa. Kabla ya saa ya kutoka alikata pande jingine, kubwa kuliko la kwanza, akasema, "Kwa kuwa umempenda, mdogo wangu, ongeza." Mgeni akashukuru kwa mikono miwili. Wenzake walilazimika kugeukia ukutani kuficha vicheko.

Aliporudi nyumbani alikuta shuka na suruali ya kulalia vimeanikwa kwenye kamba, vimekamuliwa vizuri, pindo kwa pindo. Mwosha wa nguo zile hakuhitaji kuulizwa. Baba yake, ambaye kwa miezi alikuwa hawezi kuinua ndoo, alikuwa amesimama kwenye karai akafua. Binti alishika lile shuka akalibusu. Ndani alimkuta Dobi ameketi wima kwenye ukingo wa kitanda, shati limenyooshwa, uso umetulia kupita kawaida.

"Umefua, baba?"

"Nilichoka kukaa."

"Samaki amekupa nguvu."

Dobi alitazama sakafu. Usiku ule alikula tena, si kwa hamu ya jana, bali kwa sababu binti yake alikuwa anang'aa na hakutaka kumzima. Na kesho yake kulikuwa na mashuka mawili kwenye kamba.

Ukweli wa siku zile ulijulikana baadaye, kipande kwa kipande. Dobi alikuwa ameinuka asubuhi kwenda kuchukua maji, akahisi joto mapajani, akatazama chini. Hakuwa na maumivu, na hilo ndilo lililomtisha. Aliwahi kufua mashuka ya watu waliokuwa wakifa vyumbani mwa hoteli, alijua mwili unaokata tamaa unavyoachia, lakini mafuta ya rangi ile hakuwahi kuyaona. Akaamua kwamba anayeyuka. Akaamua kuwa ugonjwa umetoka kifuani umeshuka, umefika mwisho wa kazi yake, na sasa anaoza angali hai. Alisugua lile doa kwa sabuni ya mche, kwa magadi, kwa maji ya moto, na kivuli cha chungwa kikabaki. Hilo nalo alilichukua kama jibu. Kumwambia binti yake angeweza. Kinywa kilikuwepo. Lakini kuna mambo baba hamwambii binti, na Dobi alikuwa na haya kuliko wengi, na haya ikipita kiasi ni ugonjwa mwingine juu ya ugonjwa. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Wahenga walisema wakachoka.

Dawa yake aliipata mwenyewe. Kisichoingia hakitoki. Akafunga mdomo.

Mwanzoni zilikuwa sababu ndogo ndogo: leo sijisikii, nimekula biskuti, acha nipumzike kwanza. Halafu sababu zikaisha ikabaki kutikisa kichwa tu. Dawa alizimeza kwa maji, juu ya tumbo tupu, baadaye akaziacha. Aliondoa godoro akaliegemeza ukutani, akalala juu ya kipande cha plastiki, akisema mgongo unataka pagumu. Alianza kufunga mlango wa chumba chake kwa komeo. Binti alipika uji, akapika wali laini, akaponda ndizi, akakaa nje ya mlango na bakuli mkononi.

"Baba, kijiko kimoja tu."

"Baadaye, mama."

"Twende basi zahanati."

"Zahanati siendi." Hakusema kwamba hakuthubutu kukaa kwenye benchi pamoja na watu.

Binti akaenda peke yake. Muuguzi alimsikiliza, akamwambia ajitahidi kumpa chakula chenye mafuta mafuta, kile alichowahi kukipenda. Binti alitembea hadi kazini akiwaza chakula gani baba yake aliwahi kukipenda siku hizi, na jibu lilikuwa moja.

Alisimama mbele ya meza ya Kamanda na nailoni mkononi. Kamanda alikuwa anamchuna jodari.

"Dada, nina ombi. Nipatie tena yule Mnono. Kama ni kukatwa mshahara, nikatwe. Baba hali chochote, amebaki mifupa. Katika dunia nzima hicho ndicho chakula pekee alichokula kwa hamu."

Kisu kikasimama katikati ya samaki.

"Nani alimla?" Kamanda aliuliza.

"Baba."

"Pande lile lote?"

"Yote mawili. Mimi nilionja tu, sehemu yangu nilimpa. Anaumwa kifua, dada, sikuwahi kuwaambia."

Kamanda akavua glavu moja, kisha ya pili, akaviweka vidole vyake vyenye makovu ya miiba juu ya meza. Akamweleza. Alimweleza kila kitu, nta, mafuta, mchezo, majina, hata jinsi walivyomzunguka wakimtazama nyuma. Sauti ya kuita meli ilikuwa imekwisha, na wa meza ya tatu hawakumsikia. Mkataji mmoja mzee alisema polepole, "Mzaha mzaha, hutumbuka usaha," na mwenzake akamwambia anyamaze.

Mgeni alifungua aproni. Fundo likagoma, akalikata kwa kisu.

"Ile siku ya pili mngeniambia," alisema. "Nilikuja nimekauka, mkaona. Mngeniambia."

"Tulidhani umekula wewe."

"Nami nilidhani mnanipenda," alisema, akatoka mchana kweupe bila kumuaga msimamizi.

Alimkuta Dobi amelala ubavu kwenye plastiki yake. Safari hii hakubisha. Alisukuma mlango kwa bega hadi komeo likang'oka. Akapiga magoti akamweleza kila alichoambiwa, kwa haraka, akichanganya mambo, nta na vilindi na vicheko vya ukumbini, akalia katikati yake. Alipofika kwenye mafuta ya chungwa, Dobi alifumba macho, kwa kuwa sasa alijua kwamba binti anajua.

"Ni samaki, baba. Si ugonjwa. Huna kitu tumboni. Kula."

Dobi alijiinua kwa kiwiko.

"Tulikula samaki mmoja," alisema. "Kikaango kimoja. Wewe mbona mzima?"

"Mimi sikula. Nilikudanganya ili ule wewe."

"Ulinidanganya siku ile, au unanidanganya sasa?"

Dobi akanyoosha mkono akamgusa shavu. "Nimekulea mwenyewe, mama. Ukisema uongo wa wema naujua. Umewahi kuniambia umekula siku ngapi, na mimi nakuona ulivyo mwembamba? Usijisumbue. Nimeishi maisha yangu safi. Niache niondoke kabla sijanuka."

Jioni hiyo Kamanda alikuja. Alisimama mlangoni na mzigo kwenye nailoni, amevaa nguo za heshima.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu ndani." Dobi alikuwa ameomba ainuliwe, akavalishwa shati, akakaa juu ya plastiki iliyofunikwa kitambaa. Alimsikiliza mgeni wake hadi mwisho. Kamanda alilia bila kujifuta, akasema yeye ndiye aliyekata mapande yale kwa mkono wake. Dobi akatikisa kichwa kwa upole.

"Asante kwa kuja, mama. Nafurahi binti yangu ana watu wema kazini, watu wa kumsaidia hata kumbembeleza mgonjwa."

Kamanda akageuka kumtazama binti. Hakuwa amewahi kusema kweli tupu namna ile maishani mwake, na haikusadikiwa.

"Nitamla mimi hapa," Kamanda alisema, akiinua nailoni yenye pande la Mnono. "Mbele yake. Aone."

"Hakukuuliza wewe mbona mzima," binti alijibu. "Aliniuliza mimi."

Akachukua nailoni akaenda jikoni. Alimkaanga Mnono wote, akaleta sahani akaiweka kwenye kigoda mbele ya baba yake, akala. Hakuwa na njaa. Kilichomchukiza zaidi ni kwamba samaki alikuwa mtamu, vilevile mtamu, anayeyuka ulimini kabla hujamtafuna. Alikula kila kipande, akakombeleza mafuta kwa kidole. Dobi alimtazama tangu tonge la kwanza hadi la mwisho. Kamanda alikaa sakafuni, mgongo ukutani.

Siku iliyofuata binti hakwenda kazini. Alifagia, akapanga vyombo, akakaa kwenye kigoda akisubiri aibu. Alikuwa anaiomba ije, na bado ilipokuja, alipoinuka kuchukua kikombe na kuhisi lile joto, damu ilimpanda usoni hadi masikioni. Yeye aliyezoea kuanika nguo zake za ndani chini ya taulo ili baba asizione. Alikwenda chumbani kwake, akabadilisha, akaitia ile nguo kwenye beseni jeupe lenye maji kidogo. Alisimama na beseni nyuma ya mlango kwa muda, akashindwa kutoka. Kisha akatoka, akaliweka mbele ya baba yake, akageukia dirisha.

Alisikia Dobi akiinama. Alisikia pumzi yake, na maji yakitikiswa. Dobi aliichukua nguo kwa vidole viwili, akaisogeza kwenye mwanga, akasugua doa kwa kidole gumba, akanusa. Alifanya kama alivyofanya miaka yote kwenye meza ya kufulia, bila haraka na bila kumhukumu mwenye nguo.

"Ndiyo yenyewe," alisema.

Binti hakugeuka.

"Maji ya moto hayaitoi hii. Nilijaribu. Pengine unga wa wanga ungeinyonya kwanza, ikiwa bado mbichi." Akairudisha nguo kwenye beseni. "Kumbe sikuwa naoza."

"Hukuwa unaoza, baba."

"Ungeniambia hukula."

"Na wewe ungeniambia umechafua."

Dobi akacheka, kicheko kilichogeuka kikohozi, na kikohozi kikakataa kuisha. Kilipomwachia alikuwa na jasho jembamba kwenye paji la uso, lakini macho yake yalikuwa ya Dobi tena. Akasema ana njaa. Alisema kwa mshangao, jinsi mtu anavyomtaja jamaa aliyemdhani amehama mji. Binti alikimbia jikoni, akakoroga uji, akauleta ukiwa moto, wakapuliza pamoja. Kijiko cha kwanza kilishuka. Cha pili kikakwama kooni. Koo lililokaa bila kazi lilikuwa limesahau, uji ukaingia njia isiyo yake, na Dobi akakohoa hadi midomo ikawa ya kijivu.

Binti alimwita Kamanda, na wawili hao wakampeleka hospitali, wamemshika huku na huku. Alikuwa mwepesi kiasi cha kutia hofu. Daktari alisikiliza kifua mbele na nyuma, akatazama mikono, akauliza mgonjwa huyu ameacha kula tangu lini na kwa nini. Binti alifungua mdomo. Akaanza kueleza, akaona jinsi maneno yanavyosikika katika chumba kile cha vigae, akaishia kusema kwamba palikuwa na kutoelewana nyumbani. Wakamtundikia maji. Mapafu yalikuwa yameelemewa upande mmoja mzima.

Kamanda alirudi siku ya pili na uji mwepesi kwenye chupa ya chai, aliousaga na kuuchuja mwenyewe. Hakuingia wodini. Alimkabidhi binti mlangoni akabaki kwenye korido, amesimama.

Dobi alikuwa macho. Walikuwa wamempangusa na kumbadilisha shuka, naye alikuwa ameshapitisha vidole kwenye pindo la shuka lile na kuona limepigwa pasi vibaya. Aliposikia kifuniko cha chupa kikifunguliwa, aligeuza kichwa.

"Uji?"

"Uji, baba."

"Nipe. Nina njaa, mama. Njaa kweli."

Binti akamtazama muuguzi. Muuguzi akatikisa kichwa, akaja akamnong'oneza kwamba kwa mdomo haiwezekani, hata kijiko, hata tone, koo halishiki, vyote vitaishia kwenye mapafu.

"Baba, subiri kidogo. Wamesema usubiri."

"Nimeshaelewa kuwa ni samaki," Dobi alisema, akidhani bado anabembelezwa. "Sikatai tena. Nipe nile."

"Najua hukatai."

Alifungua mdomo akausubiri uji, macho yakimtazama binti yake bila kuhama. Binti alimshika mkono, akasema subiri baba, subiri kidogo, akalisema hilo tena na tena. Dobi alisubiri. Alifariki alasiri ile, uji ukiwa bado vuguvugu kwenye chupa.